Shuka Moja Kwenye Kamba

Juzi jioni nilianua mashuka ya wanangu kabla hayajakauka vizuri, nikayatupia begani, na harufu yake ikanisimamisha palepale uani. Ilikuwa harufu ya sabuni ya mche, ya ubaridi, na ule uvundo mwembamba wa kitambaa kilichokosa jua la kutosha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Laela, nina watoto watatu na mume anayeshinda barabarani na lori la mahindi, kwa hiyo kuchoka ni jambo nililolizoea. Lakini uchovu wa juzi ulikuwa mwingine. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mashuka mapajani, na sikuinuka mpaka mwanangu mdogo alipokuja kuuliza kama tutakula au hatutakula.

Wiki hiyohiyo kina mama wa kikundi chetu cha simu walikuwa wanabishana juu ya mambo hayahaya. Mmoja alileta ujumbe uliokuwa unazunguka, unaosema mashuka yafuliwe kila wiki, taulo baada ya kuogea mara tatu, na blanketi lisipitishe miezi mingi. Mwingine akajibu kwamba huyo aliyeandika hajawahi kufua blanketi kwenye baridi ya Ufipa mwezi wa Julai. Wa tatu akakiri kuwa nyumbani kwake taulo ni moja na linajulikana kwa jina. Tulicheka, wakabishana siku mbili, na mimi sikuandika neno. Ningeandika nini? Kwamba kuna kipindi nyumbani kwetu mashuka yote yalifuliwa kila siku ya Mungu, na kwamba siku moja mimi niliamua kupunguza kazi? Hayo si ya kuandika kikundini. Ninakuandikia wewe, msomaji, maana wewe hunijui na hutaniuliza kesho dukani.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, mtoto wa kwanza wa kike. Tulikaa Sumbawanga mjini, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, jiko la nje na ua wa udongo mwekundu. Baba alikuwa karani kwenye ghala la nafaka. Mama aliuza maharage na ulezi sokoni. Mdogo wangu Eliza alikuwa na miaka sita, umri wa kula na kuuliza maswali. Kabla ya mambo ninayosimulia, kufua kwetu kulikuwa kama kwa watu wote: mashuka Jumamosi, ili Jumapili turudi kutoka kanisani tulale pasafi, taulo Mama alipolinusa akakunja uso, na mablanketi mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha, tukiyakanyaga kwa miguu kwenye beseni kubwa huku tumeshikana mabega na kuimba. Siku ya mablanketi ilikuwa karibu sawa na sikukuu.

Kisha akaja Bibi. Huyu alikuwa mzaa mama, mtu wa bondeni, karibu na Muze, kule ambako joto la Ziwa Rukwa halimwachi mtu alale na nguo nyingi. Babu alikuwa amefariki, na Bibi mwenyewe alikuwa ameanguka shambani akaumia nyonga, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amezaa watoto kadhaa, lakini aliyebaki hai ni Mama peke yake. Kwa desturi mama mzee hukimbilia kwa mwanawe wa kiume. Yeye hakuwa naye, ikabidi apandishwe mlima na kuletwa kuishi chini ya bati la mkwe wake.

Wewe ambaye hukukulia katika heshima ya ukwe ya siku zile huenda usielewe uzito wake. Baba alimwamkia kutoka mlangoni, macho chini, "Shikamoo mama," naye alijibu "Marahaba baba" akiutazama ukuta. Hakula naye, hakukaa naye sebuleni, na kengele ya baiskeli ya Baba ikisikika tu getini Bibi alivuta kanga akajifunika kichwa. Waliheshimiana kiasi kwamba mimi na Eliza kuna wakati tulidhani wamegombana.

Na sisi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alilala chumbani kwetu, kitanda chake upande wa dirisha na chetu upande wa mlango, na aliniita mke mwenzangu. Ugali wangu ukiwa na madonge alisema atanishtaki kwa mume wetu marehemu, arudi mara moja kuniacha. Alinifundisha kupepeta ulezi, na alijua kusema jambo la aibu kwa uso mkavu kabisa mpaka mimi na Eliza tukavingirika kitandani kwa kicheko. Nilimpenda sana. Naliandika hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya udhani sikumpenda.

Hakumaliza wiki mbili kwetu kabla utaratibu wa kufua haujabadilika. Mama alitangaza kwamba shuleni kuna upele, na kwamba tangu siku hiyo mashuka yote yatafuliwa kila siku. Shuleni hapakuwa na upele. Nilisema hivyo, akaniambia upele hauanzi kwa kujitangaza. Basi kila alfajiri, jogoo akiwa bado anajikohoza, Mama aliingia chumbani kwetu. Alimwinua Bibi taratibu, akampeleka nje nyuma ya nyumba kumwogesha kwa maji ya moto, akarudi akatandua kitanda chake, kisha akaja kutuvuta mashuka sisi, mimi na Eliza tukiwa bado juu yake. Akaenda chumbani kwake akatandua na la kwake na Baba. Mashuka sita, mawili kila kitanda, yote yakazama kwenye beseni moja kabla mwanga haujatoka.

Kabla ya shule kazi yangu ilikuwa maji na kukamua. Bomba la mtaa lilikuwa mbali kidogo, na kipupwe kile cha Juni maji yake yaliuma vidole mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya sweta. Mama alifikicha, mimi nilisuuza, kisha tulishika shuka kila mtu ncha yake tukalisokota kwa kupishana mikono mpaka likatoa tone la mwisho. Sita kila siku, na upepo wa Ufipa ambao unakausha midomo ya watu lakini hauna haraka na nguo. Jioni nilianua, yasiyokauka tukayamalizia kwa pasi ya mkaa. Darasani nilisinzia. Mwalimu aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtoto mchanga, nikasema hapana, kuna mashuka, wenzangu wakacheka mpaka kengele ikalia.

Mtaani nao walikuwa na lao. Jirani yetu, Mama Felista, alikuwa na ulimi mwepesi, na ua wake ulitazamana na wetu. Ndiye aliyembatiza Mama jina la Mama Sabuni. Akimwona anaanika alimwambia mashuka hayo yatatoboka kwa usafi, na kwamba mwanamke anayefua kila siku ama ana deni na Mungu ama hapendi kukaa na mumewe. Mama alicheka naye. Hata sokoni jina lilimfuata, watu wakawa wanauliza maharage ya Mama Sabuni, naye anaitika. Mimi jina lile liliniudhi kuliko lilivyomuudhi yeye.

Sasa sikiliza jinsi akili ya mtoto hodari wa hesabu inavyofanya kazi. Asubuhi moja Mama alikawia na Bibi kule nje, nami nikaamua kumsaidia kutandua. Shuka la Bibi la kulalia lilikuwa la zambarau lenye maua meupe, alilotoka nalo bondeni; hapakuwa na jingine kama hilo nyumbani. Nikalishika, likawa limelowa katikati, na chini yake kulikuwa na nailoni iliyotandikwa juu ya godoro. Nikagusa shuka lake la kujifunika, likawa kavu. Nikagusa letu, kavu. Nilisimama pale nikaelewa mara moja, na sikushangaa wala kucheka, maana Eliza mwenyewe alikuwa ameacha kukojoa kitandani mwaka uliopita tu. Kilichonishangaza ni Mama. Shuka moja limelowa, na sisi tunafua sita! Nikajiambia Mama amechoka mpaka hesabu zimemponyoka, na nikaanza kungoja siku yangu.

Siku ikafika. Kulikuwa na msiba kijiji kimoja njia ya Laela, upande wa kina Baba, na Mama ilimpasa aende akalale huko. Akamchukua Eliza. Ijumaa mchana, mfuko ukiwa mkononi, aliniita jikoni akanipa maagizo ya chakula cha Bibi na cha Baba, kisha akanishika bega.

"Kesho ufue yote," aliniambia. "Usibague. Yote, Skola."

Nikasema ndiyo mama. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu zangu.

Jumamosi asubuhi nilimwinua Bibi mimi mwenyewe, nikamsaidia kuoga, nikamkalisha kwenye mkeka kando ya ukuta mahali jua linapofika kwanza, nikampa ungo wa maharage achambue. Nikalifua shuka la zambarau. Kazi iliisha kabla uji haujapoa. Nililianika katikati ya kamba, nikalinyoosha vizuri maana sasa nafasi ilikuwepo tele, nikakaa juani na miguu yangu nimeinyoosha. Nilijiona nina akili kuliko watu wote wa nyumba ile. Bibi alikuwa amegeukia ukuta, mgongo kwenye kamba, anachambua maharage na kusimulia habari za kiboko aliyewahi kuvamia mashamba ya mpunga bondeni.

Saa saba kengele ya baiskeli ikalia. Jumamosi Baba alifanya kazi nusu siku. Bibi akavuta kanga kichwani kama kawaida, akanyamaza. Baba akaingia getini akikokota baiskeli, na mbele yake, katikati kabisa ya njia anayopita kwenda mlangoni, kulikuwa na shuka la mkwe wake, peke yake, likipepea na maua yake yote. Kupita ilibidi ainame chini yake au alisogeze kwa mkono. Siku nyingine alipita upande ambao Mama alikuwa ameweka mashuka yake mwenyewe, akayasogeza bila kuyatazama. Siku hiyo hapakuwa na upande wa Mama. Alisimama, akatazama chini, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba amesahau kitu ghalani, nimwekee chakula chake. Akageuza baiskeli akatoka. Baba yangu alikuwa mtu asiyesahau kitu.

Bibi alingoja mpaka mlio wa baiskeli ukapotea. Akashusha kanga. Akageuka polepole, kwa mikono, kwa sababu nyonga haikumruhusu kugeuka kwa haraka, atazame kilichomrudisha mkwewe. Alilitazama shuka lake muda mrefu. Maharage yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye ungo moja moja na hakuyaona.

"Mke mwenzangu," alisema, "anua hilo shuka."

Nikamwambia halijakauka. Akasema nilianue hivyohivyo. Nililianua likiwa bichi, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumbani, na kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi kuna kitu nimekosea, ila sikujua ni kipi. Nilimletea chakula, akala kidogo. Sikuusikia mwisho wa habari ya kiboko.

Mama aliporudi aliuliza kama nilifua yote. Nikasema nilifua. Tulikuwa chumbani, Bibi amekaa kitandani kwake anasikia kila neno. Akamwambia Mama kwamba mtoto amefanya kazi vizuri, apewe pole.

Tangu hapo mambo yakawa mazuri, au mimi niliyaona mazuri. Kwanza, chai. Jioni Mama alikuwa anampelekea Bibi kikombe kikubwa cha chai ya tangawizi, sukari imezidi kidogo kwa sababu ya uzee, na mimi ndiye niliyekaa naye hadi amalize. Siku chache baada ya msiba alinisogezea kikombe akaniambia ninywe, yeye ameshiba. Nilimuuliza kama amekwisha kuonja. Akasema ameonja. Kesho yake tena, na keshokutwa. Uji wa mchana akaugawa vilevile, nusu mimi, nusu Eliza, na maji ya kunywa aliyatumia kulowesha midomo akayarudisha kwenye kata. Alinisihi nisimwambie Mama, asije akadhani mapishi yake hayapendwi. Mtoto gani wa Sumbawanga angekataa chai ya tangawizi mwezi wa Julai? Nilikunywa hadi chini, nikakomba sukari iliyobaki kwa kidole, na Mama akachukua vikombe vitupu akafurahi.

Pili, mashuka. Asubuhi moja shuka la zambarau lilikuwa kavu. Nyingine, kavu. Mama aliligusa mara mbili mbili, haamini. Alisema ni ile mizizi ya dawa aliyopewa na mama mmoja sokoni, na Jumapili akakawia kanisani akisali kwa kushukuru. Nami nilishukuru, kwa moyo wote, nikapiga magoti kando yake. Wiki ya pili akatuambia upele wa shuleni umekwisha na tutarudia kufua Jumamosi. Nililala usingizi ile asubuhi ya kwanza mpaka jua likafika dirishani. Ukiniuliza furaha ya utoto wangu ilikuwa lini, nitakutajia asubuhi hiyo, na ndiyo maana siipendi kuikumbuka.

Bibi hakuniita tena mke mwenzake mara kwa mara. Midomo yake ilipasuka, tukasema ni upepo. Maneno yake yakapungua, tukasema ni baridi, watu wa bondeni hawaiwezi. Kisha siku moja nimetoka shule nikamkuta ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, ananiomba nifukuze ndege kwenye mpunga, na mkono wake niliposhika ulikuwa mkavu na wa moto. Nilikimbia sokoni kumwita Mama. Baba akatafuta gari la ghala, akampakia Bibi mwenyewe kwa mikono yake, bila kumtazama usoni, akampeleka hospitalini.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimvuta Bibi ngozi ya mkono kwa vidole viwili, ikabaki imesimama. Wakamtundikia dripu. Kisha akamgeukia Mama akamuuliza kama bibi huyu anapewa maji ya kunywa nyumbani.

"Anakunywa vizuri," Mama alijibu. "Vikombe vinarudi vitupu."

Nesi hakubisha. Alimtazama tu, kwa namna ambayo mtu humtazama mwingine anayedhani anamdanganya, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na chupa ya uji mikononi. Niliuona uso wa Mama ukibadilika, mwanamke aliyeamka alfajiri miezi yote ile, leo anaonekana mbele ya mgeni kama mtoto anayemnyima mama yake maji. Bibi alikuwa macho. Alinitazama, akafumba macho.

Nilisema njiani, tukirudi kwa miguu kufuata nguo. Nilimwambia kwamba vikombe nilikuwa ninakunywa mimi. Mama akaendelea kutembea hatua chache, akasimama. Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu aliporudi msibani. Akakaa juu ya rundo la mawe ya ujenzi lililokuwa kando ya barabara, na mfuko wake akauweka chini vumbini.

"Siku ile ulifua yote?"

"Nilifua la Bibi tu."

"Baba yako aliliona?"

"Aliliona. Akageuza baiskeli."

Watu walipita wakamwamkia, akaitika. Nilikuwa ninalia na kungoja kofi. Ningelipenda kofi lile, lingemaliza jambo. Mama alijifuta uso kwa kona ya kanga, na aliposema alikuwa amechoka kiasi kwamba nilimsikia kwa shida.

"Yale mengine yalikuwa safi, Skola, nilijua. Nilikuwa nayafua ili la mama yangu lisikae peke yake."

Akaokota mfuko tukaenda nyumbani. Hakulirudia tena jambo lile, wala hakumwambia Baba kuhusu chai.

Bibi alirudi baada ya siku nne. Jioni ile Baba alisimama mlangoni palepale pa siku zote, macho chini, akamwamkia kwa maneno yaleyale, naye akaitika akitazama ukuta. Ila tangu hapo Baba alianza kuingia nyumbani kwa kuzungukia upande wa barabarani, penye mawe na njia mbaya, akatuambia kwamba udongo wa uani unaharibu matairi. Mama alirudia mashuka sita tangu asubuhi ya kwanza. Mama Felista akauliza kama upele umerudi, Mama akamwambia umerudi na safari hii ni mbaya zaidi.

Lakini Bibi hakunywa. Alikunywa funda mbili, tatu, ili Mama aache kumsihi, kisha akageukia ukuta. Dawa alimeza kwa maji kidogo ya kulowesha koo. Mama alimbembeleza, alikasirika, alilia jikoni. Nesi alikuwa amesema akirudi vile tena huenda asiamke.

Siku ya tatu nilitoka shule nikakuta Mama bado yuko sokoni. Nilichota maji, nikayapasha kidogo yasimuume meno, nikampelekea Bibi kikombe kile kikubwa cha chai kimejaa maji. Nilikaa kwenye kitanda chetu, mbele yake. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama ndani.

"Skola," alisema. Hakuniita mke mwenzake. "Nikimaliza hiki, kesho una kazi."

"Najua, Bibi."

"Na keshokutwa."

"Najua."

"Na baridi yote hii."

Nikamwambia anywe. Akaniambia basi nikae palepale, nisitoke, na akaanza kunywa. Alikunywa polepole, akipumzika katikati, na kila alipopumzika alinitazama juu ya kikombe kabla ya kuendelea. Alikimaliza chote. Asubuhi yake shuka la zambarau lilikuwa limelowa katikati, nami niliposhika ule ubichi nilifurahi mpaka nikamwita Mama aje aguse. Tukafua sita. Nakumbuka vidole vyangu vilikufa ganzi nikawa navipuliza, na sikunung'unika siku ile wala siku nyingine mpaka mvua zikaanza.

Bibi aliishi nasi miaka miwili baada ya hapo, akarudi kuniita mke mwenzake, akamaliza kunisimulia habari ya kiboko, akafa usingizini, mchana, mwezi wa Machi. Tulimshusha kwao bondeni kumzika.

Miaka mingi niliikumbuka jioni ile ya kikombe kama siku niliyomwokoa Bibi. Nilidhani alinitajia kesho na keshokutwa kwa kunionya tu, na kwamba alitaka nikae pale kwa sababu alikuwa dhaifu. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimeuguza, ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa ananitazama kila baada ya funda. Mzee yule, aliyemzaa mama yangu, alikuwa anaangalia kama uso wangu umebadilika. Alikuwa ananiomba mimi, mtoto wa miaka kumi na moja, ruhusa ya kunywa maji.